Tusiwatume Watoto Shambani, Twende Pamoja Nao

(Maneno ya wazazi wa parokia, yaliyosomwa kisha Misa ya Jubile, Kindu)

Baba Askofu,
Mapadri wetu wapenzi, nanyi mapadri wageni muliovuka muto na pori ili kufika kwetu,
Masista, wakatekista, wazee wa mashirika,
Wandugu wote katika Kristu,

Komite ya parokia ilitupa sisi wazazi kazi ya kusema maneno machache katika siku hii kubwa. Wengine wamekwisha kueleza historia ya misioni yetu: jinsi mapadri wa Shirika la Roho Mutakatifu walivyofundisha Injili katika inchi hii, na jinsi Kindu ilivyohesabiwa kuwa diosezi kamili wakati Papa Yohane XXIII aliposimamisha majimbo ya Kanisa la Kongo, tarehe 10 Novemba 1959. Hatutarudilia hayo. Tumechagua jambo moja tunalolijua kwa mikono yetu, ni kusema namna ya kulea watoto katika shamba la jamaa.

Pengine mutu atajiuliza: shamba na jubile vinapatana wapi? Tunamujibu kwamba katika Maandiko Matakatifu, Kitabu cha Walawi kinaeleza mwaka wa jubile kuwa mwaka wa udongo. Kila jamaa ilirudi katika shamba la baba zake, hata kama ilikuwa imelipoteza kwa sababu ya umaskini, na udongo wenyewe ulipumuzishwa. Basi, kusema juu ya shamba siku ya leo si kuacha jubile. Ni kurudi kwenye maana yake ya kwanza.

I. SHAMBA LILILOTULEA

Sisi wenyi mvi tulizaliwa nyumbani, lakini tulikomalia shambani. Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita na wa saba, baba zetu walifyeka pori na kuangusha miti. Mwezi wa nane walichoma. Mvua za kwanza zilipolowanisha majivu, mwezi wa tisa, mama zetu walipanda mupunga, na katikati yake vijiti vya muhogo, na mahindi kandokando ya visiki. Mavuno ya mupunga yalifika mwezi wa kwanza ao wa pili. Muhogo ulibaki udongoni, ukatulisha hata mwaka uliofuata. Kisha shamba liliachiwa pori kwa miaka mingi, ili udongo upate nguvu tena. Wazee wetu hawakusoma Kitabu cha Walawi, lakini walijua kwamba udongo nao una haki ya kupumuzika.

Katika kazi hiyo kila mutoto alikuwa na pahali pake. Aliyenyonya alibebwa mugongoni mwa mama. Aliyeanza kutambaa alilazwa juu ya mukeka katika kibanda, dada yake akimulinda. Wa miaka mitano alileta maji katika kibuyu. Wa miaka minane alipanda ulingo pamoja na mukubwa wake, akavuta kamba zenye makopo ili ndege wasile mupunga. Na alipofikia miaka kumi, baba alimukatia kipande kidogo pembeni, hatua chache tu, akamwambia: "Haka ni kashamba kako." Mutoto alipanda humo karanga zake. Hakuna aliyezing'oa kwa niaba yake, wala aliyezipalilia kwa niaba yake. Kama alilegea, majani yalimushinda, na wote waliona. Kama alifanya bidii, mama alipika karanga hizo pamoja na sombe, na kila mutu mezani alijua ni karanga za nani.

Tulijifunza nini humo? Kwanza tulijifunza kungoja. Mupunga unadai karibu miezi mine, na hata mutoto wa chifu hawezi kuuvuta kwa majani ili ukomae upesi. Tulijifunza kutazama: uyoga gani unaliwa na gani unaua, muti gani unafaa kwa mupini wa jembe, wingu gani linaleta mvua na gani linapita tu. Tulijifunza kugawanya. Muchele mupya haukuliwa mbele ya kupeleka kitunga kimoja kwa babu na bibi, na kingine kwa mujane asiye na mutu wa kumulimia. Na tangu Injili ilipoingia, mavuno ya kwanza yaliletwa pia mbele ya altare.

Lakini jambo kubwa kupita yote halikuwa shambani kwenyewe. Lilikuwa njiani. Saa moja ya kwenda na saa moja ya kurudi, wengine walivuka muto kwa mutumbwi wa Wagenya kuelekea upande wa Alunguli, na katika njia hiyo baba na mama walisema mambo ambayo hayakusemwa nyumbani mbele ya wageni. Humo tulisikia majina ya mababu zetu. Humo tulifundishwa jinsi kijana anavyomuheshimu musichana, na kwa nini tusiguse kitu cha mutu mwingine hata kama shamba lake halina mulinzi. Wengi wetu tulijua Salamu Maria mbele ya kuingia katika kundi la katekisimu, kwa sababu mama alikuwa akiisali kwa sauti, kitunga mugongoni, nasi tukimufuata nyuma kwa mustari. Mutaguso wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya malezi, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Mama zetu walikuwa wakilitimiza fundisho hilo katika njia ya shamba.

II. NAMNA SHAMBA LILIVYOGEUKA KUWA AZABU

Wandugu, tusiwadanganye vijana wetu kwa kusema kwamba zamani yote yalikuwa mazuri. Shamba lilipata jina baya katika inchi yetu, na inafaa tuseme sababu.

Tangu mwaka 1917, serikali ya wakoloni iliweka sheria ya mashamba ya lazima. Mwanakijiji alipashwa kulima mimea aliyoamriwa siku 60 kila mwaka, na wakati wa vita vya Ulaya, mwaka 1942, siku hizo zilifikishwa 120. Katika Maniema mimea hiyo ilikuwa hasa pamba na mupunga. Asiyetimiza aliogopa fimbo na kifungo. Mutoto aliyeona baba yake akilima kwa woga hakujifunza kupenda jembe. Alijifunza kwamba jembe ni la mutu aliyeshindwa, na kwamba mwenye akili anatafuta kazi ya kalani, ao ya reli, ao ya mawe ya bati kule Kalima. Hata jina la siku linatukumbusha jambo hilo. Tunaita siku inayotangulia siku ya Mungu "siku ya posho", kwa sababu siku hiyo makampuni yaligawia wafanyakazi chakula cha juma. Jamaa nyingi za muji zilizoea kuona chakula kikitoka katika kipimo cha kampuni, si katika udongo.

Kisha sisi wenyewe tulipokea azabu hiyo na kuiendesha. Katika masomo mengi tuliyosoma, mutoto aliyechelewa ao aliyekosa jibu alipewa jembe, akatumwa kulima kiwanja mbele ya wenzake. Aliyejibu vizuri alibaki kwenye kiti. Hatumulaumu mwalimu yeyote, kwa maana wengi kati yetu tulikuwa walimu, nasi tulifanya hivyohivyo. Lakini tujiulize: ikiwa kwa miaka sita tunamufundisha mutoto kwamba jembe ni malipo ya ujinga, tutashangaa namna gani akikimbia shamba alipopata miaka kumi na tano, na kwenda kuchimba zahabu ao almasi katika shimo ambalo linaweza kumufunika?

III. MIAKA AMBAYO NJIA ILIFUNGWA

Halafu vita vikaja. Wazee wanakumbuka mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, watu wengi walipokimbilia pori, na shamba la mbali likawaokoa watoto. Lakini vita vilivyoanza mwaka 1998 vilifanya kinyume. Kuanzia mwezi wa kumi wa mwaka huo Kindu ilikuwa mikononi mwa watu wa silaha, na wengine wenyi silaha walikaa porini kuzunguka muji. Njia ya shamba ikawa njia ya kifo. Mama aliyekwenda kutafuta muhogo hakujua kama atarudi, na kama atarudi akiwa na heshima yake. Mupunga uliiva ukaliwa na ndege. Katika muji uliozungukwa na udongo mwema pande zote, watu walikufa kwa njaa.

Tunataka kusimulia jambo moja dogo la wakati huo, kwa maana ndilo lililotufungua macho. Njia zilipofunguliwa, kisha amani kutangazwa mwaka 2003, jamaa moja ya shirika letu ilirudi katika shamba lake la zamani. Pori lilikuwa limelifunika. Walilima kipande kidogo, wakapanda karanga, na siku ya kuzing'oa walikwenda pamoja na kijana wao mudogo, aliyezaliwa ndani ya vita. Mama alimwambia: "Mwana wangu, utuchumie karanga." Mutoto alizunguka kati ya mimea, akainua majani moja moja, akatafuta juu, akatafuta chini ya majani, kisha akarudi akilia: "Mama, wevi wamekuja mbele yetu, hakuna hata moja." Alikuwa amekula karanga tangu meno yake yalipoota, lakini hakujua kwamba zinakaa ndani ya udongo.

Wakubwa walianza kucheka. Halafu baba akanyamaza, na sisi wote tukanyamaza. Tulifahamu kwamba vita havikutunyanganya mavuno matano ao sita tu. Vilitunyanganya pia saa zile za njiani. Mutoto ambaye hakujua karanga zinatoka wapi, hakujua pia majina ya babu zake, kwa maana hatukuwa tumepata pahali pa kumwambia.

IV. KOSA LETU SISI WAZAZI

Sasa miaka mingi imepita, na kosa linalobaki hatuwezi kulitia juu ya wakoloni wala juu ya watu wa silaha. Ni letu.

Wengi kati yetu tunasema: "Watoto wetu wanakwenda shambani." Ni kweli, wanakwenda. Lakini wanakwenda peke yao. Baba anabaki muji akitafuta feza, mama anabaki sokoni, na mutoto wa miaka kumi anatumwa kulinda ndege pamoja na mudogo wake. Katika jamaa moja ya parokia hii, watoto wawili waliotumwa hivyo walipatwa na zoruba. Muti ukaanguka karibu na kibanda, wakalala usiku wote chini ya ulingo, na mukubwa akiwa ameumwa na nyoka muguuni. Mungu alituhurumia: muvuvi mumoja aliwakuta asubui, na mutoto akapona. Baba yake yuko kati yetu leo, na ndiye aliyetuomba tuseme neno hili mbele ya wote. Yeye mwenyewe anasema: "Nilifikiri ninamulea kama baba yangu alivyonilea. Lakini baba yangu hakunituma hata siku moja. Tulikwenda pamoja."

Wandugu, humo ndimo neno letu lote lilimo. Jembe ni lilelile, mupunga ni uleule, mvua ni ileile. Kinachotenganisha malezi na utumwa ni kuwapo kwa muzazi. Mutoto anayelima kando ya baba yake anajifunza. Mutoto anayetumwa peke yake anatumikishwa, hata kama shamba ni la jamaa yake, hata kama jioni tunamupa bukari.

Kosa la pili ni kuiba siku za masomo. Kalendari ya masomo na kalendari ya mupunga zinagombana: mwezi wa tisa darasa linafunguliwa, na ndio mwezi wa kupanda, mwezi wa kwanza na wa pili watoto wako katikati ya mwaka wa masomo, na ndio wakati wa ndege na wa mavuno. Tangu mwezi wa tisa wa 2019 serikali ilitangaza kwamba masomo ya musingi katika nyumba za serikali hayalipwi tena. Basi hatuwezi kusema sikuzote kwamba tulimuzuia mutoto kwa kukosa feza. Mara nyingi tunamuzuia kwa sababu mupunga umeiva nasi hatutaki kulipa mukono wa mutu mwingine. Na mara nyingi ni musichana anayezuiliwa, si kaka yake. Hilo halitoki kwa mababu. Mababu hawakukuta masomo. Tumelitunga sisi.

V. AHADI YETU NA MAOMBI YETU

Kwa hiyo sisi wazazi, kisha kukutana katika mashirika yetu, tumepatana juu ya mambo mane. Tunayasema leo kwa sauti, ili watoto wetu wayasikie na watukumbushe.

La kwanza: hatutamutuma mutoto shambani. Tutakwenda pamoja naye, ao atabaki. Siku ya posho itakuwa siku ya jamaa katika njia ya shamba, na likizo ya mwezi wa saba na wa nane itakuwa wakati wa kumuonyesha kazi ya kufyeka na kupanga shamba. Wakati wa kuangusha miti na wakati wa kuchoma, mutoto atatazama kutoka mbali.

La pili: siku ya masomo ni ya masomo. Wakati wa ndege na wa mavuno, jamaa za shirika moja zitapeana zamu, leo katika shamba la huyu, kesho katika shamba la yule, ili wakubwa watoshe na daraja lisibaki na viti vitupu. Sheria hiyo ni moja kwa musichana na kwa kijana.

La tatu: kila mutoto aliyefikia miaka kumi atapata kashamba kake, na mavuno yake yatakuwa yake kweli. Akitaka kuyauza apate daftari, tusiyale kwa werevu. Tulipokuwa watoto, hakuna kitu kilichotufundisha uaminifu wa baba zetu kama kitunga kile kidogo ambacho hawakukigusa.

La ine: kuna watoto kati yetu wasio na baba wala mama, na wengine ambao jamaa zao zilikimbilia muji wakati wa vita, nao hawana udongo tena. Kila shirika litachagua jamaa zitakazokwenda nao, mutoto na mutoto, si kwa kupata mikono ya kulima, bali kwa kupata mutu wa kutembea naye na kumupa majina ya vitu.

Nasi tunaleta maombi mawili kwa wachungaji wetu. Baba Askofu, mapadri wetu, tunaomba kwamba katika masomo ya Kanisa jembe lisitumiwe tena kuwa azabu. Kama kuna bustani ya masomo, mwalimu ainame humo pamoja na wanafunzi, na anayejibu vizuri alime kando ya asiyejibu. Tena tunaomba kwamba kipande cha udongo wa parokia kitengwe kwa ajili ya watoto wale wasio na shamba. Katika mwaka wa jubile Mungu aliagiza maskini wapate tena pahali pa kurudi. Sisi tunaomba hatua chache tu.

Wandugu wapenzi, tusifikiri kwamba mambo haya ni madogo mbele ya Kanisa. Papa Yohane XXIII, yule aliyesimamisha diosezi zetu, alizaliwa katika kijiji cha Sotto il Monte, Italia, mutoto wa wakulima waliolima udongo usiokuwa wao, katika nyumba yenye watoto wengi. Katika barua yake Mater et Magistra ya tarehe 15 Mei 1961, alitetea shamba la jamaa, akawakumbusha wakulima kwamba kazi yao ni mwito unaotoka kwa Mungu. Aliyeandika maneno hayo alijua harufu ya udongo uliolimwa.

Na juu ya wote tumutazame Yezu mwenyewe. Alipotaka kueleza Ufalme wa mbinguni, alisema juu ya mupanzi, juu ya mbegu inayoota wakati mwenyewe amelala, juu ya magugu na ngano, juu ya punje inayopaswa kufa udongoni. Alijifunza wapi kutazama hivyo? Injili haitusimulii mambo mengi ya miaka ya Nazareti, lakini inatuambia kwamba aliitwa mwana wa seremala, na kwamba yeye mwenyewe aliitwa seremala. Yozefu hakumutuma kazini. Alifanya kazi naye akiwa kando yake. Kwa miaka karibu 30 Mwana wa Mungu alikubali kulelewa namna hiyo, na kwa miaka 3 tu alifundisha watu. Wazazi tupime hesabu hiyo.

Kijana yule aliyetafuta karanga juu ya majani ni mutu mukubwa sasa, naye ni baba. Juma lililopita tulikutana naye njiani asubui mapema, kinga yake ikiwa na kitunga nyuma, na musichana wake mudogo amekaa mbele. Musichana alikuwa anauliza, naye alikuwa anajibu. Hatukusikia maneno yao. Tuliwapisha njia.

Tunamushukuru Mungu kwa miaka yote ya parokia yetu. Tunawashukuru wamisionere na mapadri waliotangulia, wakatekista waliotembea kwa miguu, na mama zetu waliotufundisha kusali njiani. Wale waliokwisha kufa, Bwana awape pumuziko la milele. Na sisi tuliobaki atupe miguu ya kutembea pamoja na watoto wetu, mupaka siku tutakapofika wote katika mavuno yake yasiyo na mwisho.

Yezu Kristu asifiwe.